Gemu Umeipika Mwenyewe, Mbona Huruhusiwi Kuwapakulia Wengine?

Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, kijana wa mtaani kwetu alinivuta hadi Luthuli Avenue, Nairobi, kunionyesha kitu. Kwenye kibanda kimoja, kati ya chaja na rimoti, kulikuwa na flash disk zilizofungwa kwa nailoni na kuandikwa kwa kalamu: "PS2 gemu 60". Mwenye kibanda alichomeka moja kwenye PS2 iliyochakaa, ile konsoli ya Sony ya kuchezea gemu, akateremka na orodha, na katikati ya gemu za mpira na za mieleka ikatokea gemu ya matatu. Dereva anakimbizana na saa kutoka Umoja hadi tao, katikati ya jiji, huku makanga akining'inia mlangoni. Kijana huyu alikuwa ameiandika usiku kwa usiku, miezi minane. Sasa ilikuwa inauzwa shilingi mia tatu, flash na zile hamsini na tisa nyingine zikiwemo.

"Kaka, hii ni yangu," alisema. "Na niliandika wazi kwamba si ya kuuzwa."

Muuzaji hakukasirika. "Boss, uliiweka bure kwa intaneti. Kitu ya bure ni ya nani?"

Tulirudi nyumbani tukiwa na hasira, kisha tukafungua kompyuta yake na kupitia gemu ile faili kwa faili. Kufikia jioni hasira yangu ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Muuzaji alikuwa na makosa, hilo halina ubishi. Lakini mwenye gemu naye hakuwa na ruhusa ya kuisambaza jinsi alivyoisambaza, ingawa msimbo, yale maagizo ya kompyuta yanayoiendesha gemu, karibu wote aliuandika kwa mikono yake.

Waingereza huita programu za aina hii kwa jina la pombe inayopikwa nyumbani, homebrew. Sisi tuna neno letu tayari: kienyeji. Kuna kuku wa kienyeji, kuna pombe ya kienyeji, basi na iwe gemu ya kienyeji, yaani programu iliyoandikwa kwa ajili ya konsoli bila idhini ya kampuni iliyoiunda konsoli hiyo. Isichanganywe na gemu ya kampuni kubwa iliyonakiliwa na kuuzwa kichochoroni. Ile ni ya wizi. Hii imepikwa na mtu kwa unga wake. Na kama chang'aa, ambayo ilikuwa haramu nchini hadi sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliporuhusu ipikwe na kuuzwa kwa leseni, maswali magumu huanza pale kikombe kinapotoka nyumbani kwako.

Ruhusa zinazogongana humu ni za watu watatu: mwenye jiko, mwenye sufuria, na wenye viungo.

Mwenye jiko ni kampuni ya konsoli. Zamani jiko halikuwa na kufuli. Konsoli ya Atari 2600 ilipokea katriji (kaseti ya gemu) yoyote, na ndiyo maana mwaka 1979 waandishi wa programu waliotoka Atari waliweza kuanzisha Activision na kuitengenezea gemu mashine ya mwajiri wao wa zamani. Nintendo iliyaona hayo, na ilipoingiza konsoli yake ya NES Marekani mwaka 1985 iliweka chipu iitwayo 10NES, ambayo ilizungumza na chipu pacha ndani ya katriji. Zisipoelewana, gemu haichezi. Kwa Game Boy walikuwa wajanja zaidi: mashine ikiwaka hulinganisha nembo ya Nintendo iliyohifadhiwa ndani ya katriji na ile iliyo ndani ya mashine, na zikitofautiana inagoma. Maana yake, anayeandika gemu ya kienyeji ya Game Boy analazimika kubeba nembo ya watu ndani ya kazi yake ili mlango ufunguke. Mtego wa namna hiyo Sega nayo iliuweka kwenye konsoli yake ya Genesis. Kampuni ya Accolade iliuingia, wakafikishana mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa huko Marekani ikasema kwamba kuichambua mashine ili ujue namna ya kupatana nayo kulikubalika, na kwamba ikiwa nembo iliwachanganya wanunuzi, mwenye kulaumiwa ni Sega aliyeifanya kuwa ufunguo.

Baadaye kufuli zikapata sheria zake. Marekani ilipitisha DMCA mwaka 1998, inayokataza kuvunja kinga ya kidijitali inayofungia kazi yenye hakimiliki. Kila miaka mitatu wananchi huko huomba misamaha. Mwaka 2012 simu zilipata, konsoli zikanyimwa. Na ingawa sheria ya Marekani haina askari Kirinyaga Road, mafaili yetu mengi tunayaweka kwenye hifadhi zilizo Marekani, kwa hiyo barua moja kutoka huko inaweza kuondoa kazi ya mtu wa Kayole kabla hajaamka.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo inakataza kukwepa kinga za kiufundi. Lakini sheria hiyohiyo, na hili watu wachache hulitaja, inamruhusu mtu mwenye programu kihalali kuifumua ili apate taarifa za kuifanya ifanye kazi pamoja na programu nyingine. Panga moja, makali mawili. Ukifumua ili gemu yako ielewane na mashine, una pa kusimamia. Ukifumua ili gemu iliyonakiliwa ikubaliwe na mashine, huna.

Kijana wetu upande huu hakuwa na shida kubwa. PS2 yake inawasha programu kupitia memori kadi, na ndani ya gemu yake hakuna hata punje moja ya Sony.

Sufuria, yaani vifaa vya kuundia programu, ndiyo inayowaponyoka wengi. Watu hudhani kompaila ni kama mkalimani: unaipa msimbo wako, inautafsiri kwa lugha ya mashine, inarudi kwake. Sivyo. Kompaila na wenzake hunyofoa vipande vya maktaba ulizozitegemea na kuvishonea ndani ya faili lako. Ukiandika mstari mmoja wa kuchora picha kwenye skrini, faili linalotoka limebeba mamia ya mistari ya mtu mwingine aliyekwisha kuandika namna ya kuzungumza na chipu ya picha. Chakula kimenyonya ladha ya sufuria, na sufuria ina mwenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni XBMC. Hii ilikuwa programu ya kuchezea muziki na video kwenye Xbox ya kwanza, ile ya mwaka 2001, na ilipendwa sana. Waandishi wake waliiweka chini ya GPL, leseni huria kabisa. Lakini waliipika kwa XDK, vifaa vya Microsoft ambavyo hupewa tu kampuni zilizotia saini mkataba. Kwa hiyo kila faili lililoiva lilikuwa na nyama ya Microsoft ndani. Matokeo yake yalikuwa kichekesho kilichodumu miaka: watunzi walitoa msimbo mbichi peke yake, hadharani, na hawakutoa faili lililoiva hata mara moja kwa njia rasmi. Walioipenda waliipata ikiwa imeshapikwa kutoka pembe za intaneti, mahali ambapo hakuna aliyeuliza maswali. Watunzi walimiliki kila walichoandika, na bado hawakuweza kumpakulia mgeni sahani moja. Mwaka 2014 mradi huo ulibadilisha jina ukawa Kodi, na pengine unao kwenye TV yako. Tangu ulipohamia kwenye kompyuta za kawaida hauna tatizo hilo tena, kwa sababu umebadilisha sufuria.

Ndiyo maana wapishi wa kienyeji walijitengenezea sufuria zao. Dreamcast ina KallistiOS, PS2 ina ps2sdk, PSP ina pspsdk, Xbox ile ya kwanza ina nxdk, na mashine kadhaa za Nintendo zina vifaa vya devkitPro. Vimeandikwa na watu wa kujitolea, bila mkataba na kampuni, kwa masharti mepesi, ili faili likishaiva mwenye sufuria asije kudai mnofu.

Ila sufuria nayo ina historia yake. Mwaka 2025 watunzi wa Homebrew Channel, programu ya kuwashia gemu za kienyeji kwenye konsoli ya Wii ya Nintendo, waliifunga hazina ya msimbo wao hadharani. Walidai kwamba libogc, maktaba ambayo karibu kila programu ya kienyeji ya Wii imepikiwa ndani yake, ina msimbo ulionakiliwa kutoka mfumo uitwao RTEMS huku majina ya wenyewe yakifutwa. RTEMS yenyewe ni huria. Ungeweza kuichukua mchana kweupe, mradi ufuate masharti yake na uache jina la mwenye mali palipokuwa. Kama madai hayo ni kweli, basi miaka yote hiyo waandishi wa gemu za Wii wamekuwa wakipikia kwenye sufuria ya kuazima wakidhani ni ya nyumbani.

Hapa Nairobi swali hili huwakuta vijana kwa mlango wa nyuma. Anayetumia Godot, injini huria ya kuundia gemu yenye leseni ya MIT, huuliza kwa nini kitufe cha kutolea gemu ya Android kipo na cha Switch, konsoli ya Nintendo, hakipo. Si uvivu. Ili kuandika sehemu ya kuzungumza na Switch au PlayStation lazima utie saini mkataba wa siri na kampuni, na mkataba wa siri hauwezi kukaa chungu kimoja na mradi ambao kila mstari wake uko wazi. Kwa hiyo sehemu hizo hushikwa na kampuni za pembeni zilizotia saini, nawe unazifuata huko.

Sasa viungo, na hapa ndipo tulipokaa na kijana wetu hadi chai ikapoa.

Gemu yake ilikuwa na vitu vinne ambavyo hakuviandika mwenyewe. Cha kwanza ni ps2sdk, ambayo iko chini ya leseni ya AFL: tumia, uza, taja tu wenyewe. Cha pili ni msimbo mfupi wa kutafuta njia, ule unaoziwezesha matatu nyingine kukwepa foleni, aliouchukua kutoka mradi mmoja wa GPL. Cha tatu ni sauti za honi na breki kutoka hifadhi ya sauti, zenye leseni ya Creative Commons inayokataza biashara. Cha nne ni michoro ya ubavuni mwa matatu, aliyomlipa msanii wa Umoja shilingi elfu moja na mia tano kwa M-Pesa.

Kwenye faili la maelezo aliandika: "Gemu hii ni ya bure. Si ya kuuzwa."

Anza na GPL. Watu huidhania ni sawa na "bure". GPL haikulazimishi kutoa nakala bure. Inakuruhusu kuuza, hata kwa milioni. Inachodai ni kwamba ukimpa mtu faili lililoiva, umpe pia msimbo mbichi, kwa masharti yaleyale, bila kuongeza sharti lako hata moja. Na madai hayo huanza pale unaposambaza. Ukipika na kula mwenyewe chumbani, GPL haina neno nawe. Basi tazama: kwa kuandika "si ya kuuzwa" juu ya gemu yenye msimbo wa GPL tumboni, kijana aliongeza sharti ambalo leseni inalikataza. Sentensi aliyoitegemea kumfukuza muuzaji wa Luthuli ndiyo iliyomweka yeye mwenyewe upande wa makosa. Halafu Free Software Foundation, wenye GPL, huitaja AFL miongoni mwa leseni zisizopatana na GPL. Kwa hiyo sufuria na kiungo, vyote viwili huria, vyote viwili vya watu wema, havikupaswa kuivishwa pamoja na kutoka nje ya nyumba.

Alicheka kwa uchungu. Nami nilijisikia kama mjomba anayekuja harusini kuchambua mahari.

Honi zikafuata. Leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo muuzaji alikosea hapo bila shaka. Lakini vipi kuhusu vibanda vya PS? Kila mtaa wa Nairobi unacho: chumba cha mabati, televisheni nne, watoto wanalipa mbao, yaani shilingi ishirini, kwa mechi. Mwenye kibanda hauzi gemu. Anauza dakika. Je, honi ikilia humo ni biashara? Creative Commons husema biashara ni matumizi yanayolenga hasa faida ya kifedha, na mimi nikimwona mama anayeendesha kibanda kile kwa ajili ya karo ya watoto, naona faida inalengwa kabisa, hata kama ni ndogo. Wengine watabisha. Ndiyo sababu mimi binafsi sizipendi leseni za "isiwe biashara" kwa kitu chochote kinachotoka kwenda mitaani kwetu, ambako mpaka kati ya kucheza na kuchuma ni mwembamba kama karatasi ya chapati. Tena alizishonea honi hizo ndani ya faili moja na msimbo wa GPL: mmoja anasema lazima kuuza kuruhusiwe, mwingine anasema marufuku. Angeziacha kwenye folda ya pembeni, angalau angekuwa na hoja kwamba ni vitu viwili vinavyosafiri pamoja bila kuwa kitu kimoja.

Njia hiyo ya kutenganisha ina mfano wa kale. Msimbo wa gemu ya Doom ulitolewa mwaka 1997 kwa masharti ya kutofanyia biashara, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya GPL. Ndiyo maana Doom inacheza kwenye kila kitu chenye skrini. Lakini ramani, picha na sauti, zile zilizo kwenye mafaili ya WAD, hazikuwekwa kamwe chini ya leseni hiyo. Anayeihamishia kwenye konsoli hutoa injini na kumwambia mchezaji alete WAD aliyoinunua, au atumie Freedoom, viungo mbadala vilivyochorwa upya na watu wa kujitolea. Ukiona gemu ya kienyeji inakuagiza ulete mafaili yako mwenyewe, mtunzi si mchoyo. Anakwepa kugawa kisicho chake.

Na usidhani ugumu huu ni wa wanyonge tu. Mwaka 2008 watunzi wa ScummVM, programu huria ya kuchezea gemu za zamani, waligundua kwamba gemu fulani za watoto zilizouzwa rasmi kwa Wii zilitumia msimbo wao bila kuwataja. Kwa kawaida tiba ya GPL ni nyepesi: toa msimbo, taja majina, yaishe. Lakini mkataba wa vifaa vya Nintendo ulikataza kuchanganywa na programu huria. Waliokosea hawakuweza hata kujirekebisha, kwa kuwa kutii leseni moja kulikuwa kuvunja nyingine. Ilimalizikia kwa maelewano: mchango kwa Free Software Foundation, na nakala ambazo zingebaki ziharibiwe. Nikamwambia kijana, umeanguka shimo lilelile walilodumbukia wenye ofisi na mawakili.

Michoro ilikuwa habari njema. Kwa sheria yetu, kazi uliyoagiza na kuilipia huhesabiwa kuwa yako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wasanii wengi hawalijui hilo, na wanaolijua hawalipendi. Tatizo ni kwamba ubavuni msanii alichora nembo ya timu ya mpira ya Uingereza, kama ilivyo desturi ya matatu zetu. Ikafutwa.

Basi kitu cha bure ni cha nani? Ni cha aliyekitengeneza. Hakimiliki Kenya huzaliwa kazi inapoandikwa. Kuisajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunasaidia ushahidi, si sharti la umiliki. Programu huhesabiwa kama kazi ya fasihi, sawa na riwaya, na ulinzi wake hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Usipoandika leseni yoyote, hujamruhusu mtu chochote zaidi ya pale ulipomwekea aichukue. Bei sifuri ni bei tu.

Ilimchukua wiki tatu. Msimbo wa GPL aliutoa akaandika wake wa kutafuta njia, wa kijinga zaidi, na matatu za kompyuta sasa hukwama kwenye foleni kama za kweli, jambo ambalo nadhani limeiboresha gemu. Honi alizirekodi kwa simu yake kituoni Muthurwa alfajiri. Msimbo wote akauweka chini ya zlib, leseni ya aya chache inayomruhusu mtu kuuza mradi asijidai ndiye mtunzi. Michoro na sauti akaziweka kwenye folda ya pembeni, hakimiliki imehifadhiwa, na kumruhusu yeyote kuzicheza nyumbani au kwenye kibanda cha PS. Hilo la kibanda alilitaja kwa jina, ili asibaki mtu wa kukisia.

Kisha tukarudi Luthuli. Muuzaji alisoma faili la LESENI kwenye simu, polepole, midomo ikisogea.

"Kwa hivyo kuuza naweza?"

"Msimbo, unaweza. Picha na honi, hapana."

"Matatu bila picha na bila honi nitamuuzia nani?" Akafikiri kidogo, akapangusa kioo cha simu kwa shati. "Haya, hizo picha ni ngapi?"